Migogoro ya Watu wa Kujitolea katika Miradi ya Programu Huria

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha. Mtu anayejitolea katika mradi wa programu huria halipwi mshahara, hana mkataba wa ajira, na anaweza kuondoka wakati wowote bila kumpa yeyote notisi. Kwa sababu hiyo, migogoro ya miradi hii haiwezi kushughulikiwa kama ile ya ofisini. Msimamizi hana mshahara wa kukata wala cheo cha kupandisha. Alicho nacho ni imani ya wenzake. Suala hili linatuhusu Nairobi, kwa kuwa Ushahidi, programu huria ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, ilizaliwa kutokana na ghasia za baada ya uchaguzi nchini Kenya, mwaka 2008, na vijana wengi wa jiji hili hujifunza kazi ya programu kwa kuchangia miradi ya namna hiyo.

Wengi hudhani kwamba ugomvi huanza kwa maneno makali, lakini kwa maoni yangu mara nyingi chanzo chake ni kimya. Tuseme mwanafunzi wa Kahawa West ametumia bando lake na usingizi wa usiku tatu kurekebisha kasoro katika programu, akawasilisha kazi yake, kisha wiki sita zikapita bila jibu. Siku moja anaona kazi ya mtu mwingine, anayefahamiana na msimamizi, imekubaliwa siku ileile ilipowasilishwa. Anaandika kwa hasira, na msimamizi, ambaye anaiona hasira hiyo bila kuziona zile wiki sita, anamjibu kwa ukali. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Jibu la mstari mmoja, kwamba kazi imepokelewa na itasomwa baada ya tarehe fulani, lingetosha kuuzuia ugomvi huo.

Hata hivyo, msimamizi naye ni mtu wa kujitolea, na haifai kumsukuma kana kwamba ameajiriwa. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba matoleo mawili ya XZ Utils, programu ya kubana data inayotumika katika mifumo mingi ya Linux (mfumo huria wa kuendesha kompyuta), yalikuwa yamefichwa mlango wa siri, yaani njia ya kumwezesha mtu kuingia kwenye kompyuta bila ruhusa. Kabla ya hapo, msimamizi wake, aliyekuwa akiitunza takriban peke yake na akiwa amelemewa, alilaumiwa mara kwa mara kwa kuchelewa, hadi akamkabidhi sehemu ya mamlaka mchangiaji aliyekuwa akijijengea sifa njema. Mlango huo uliingizwa kwa jina la mchangiaji huyo. Mradi unaomwachia mtu mmoja mzigo wote unahatarisha usalama wa watumiaji wake.

Jambo la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kujulikana mapema nani ana neno la mwisho. Vyama vingi vya akiba mtaani huwa na katiba kabla ya kukopesha shilingi ya kwanza, lakini miradi mingi ya programu huitafuta katiba yake baada ya watu kugombana. Debian, mradi unaotengeneza mfumo mmoja wa Linux, ulioanza mwaka 1993, ulijiwekea katiba mwaka 1998: kiongozi huchaguliwa kila mwaka, kuna kamati ya ufundi, na wanachama wanaweza kutengua uamuzi kwa kura. Python, lugha ya kuandikia programu, ilichelewa zaidi. Mwanzilishi wake, Guido van Rossum, alijiuzulu uongozi mwaka 2018 baada ya mabishano makali juu ya pendekezo moja la sarufi ya lugha hiyo, na ndipo wachangiaji walipoamua kuongozwa na baraza la watu watano wanaochaguliwa. Kwa kikundi kidogo ningependekeza kuanza na utaratibu unaofahamika katika miradi ya Apache, taasisi inayosimamia programu huria nyingi: pendekezo hupewa angalau saa 72 ili watu watoe maoni, na anayezuia badiliko la msimbo hulazimika kutoa sababu ya kiufundi, la sivyo pingamizi lake halihesabiwi.

Yapo mabishano yasiyoamuliwa kwa ushahidi wa kiufundi. Wanaotafsiri programu kwa Kiswahili wanalijua hili vizuri, kwa kuwa aliyesomea Kenya ataandika tarakilishi na mwenzake wa Tanzania ataandika kompyuta, na kila mmoja ana hoja. Hapo dawa ni orodha moja ya istilahi, yenye tarehe na sababu, isiyofunguliwa tena mpaka hoja mpya ipatikane.

Matusi na unyanyasaji ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2018 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa lugha yake kwa wachangiaji na akapumzika kwa muda, na mradi ukapitisha kanuni mpya za maadili. Malalamiko ya aina hii yapokewe kwa siri na watu wasiopungua wawili, na anayelalamikiwa asiwe mmoja wao. Ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya inahimiza usuluhishi na maridhiano, nasi tunauunga mkono mwelekeo huo, ila aliyetishiwa au kudhulumiwa kingono asilazimishwe kuketi meza moja na aliyemtendea. Huyo asaidiwe kufika polisi iwapo anataka.

Pande zikishindwa kabisa kuelewana, leseni huria inaruhusu sehemu ya wachangiaji kuchukua msimbo na kuanzisha mradi wao, kama ilivyozaliwa LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka na kufanyia hesabu, kutoka OpenOffice.org mwaka 2010. Wanaoondoka wahifadhi majina ya waliotangulia katika kumbukumbu, na wanaobaki wasiwazibie njia ya kurudi. Mwishoni mwa mwaka 2014 wachangiaji wa Node.js, programu ya kuendesha msimbo wa lugha ya JavaScript kwenye seva, waliochoshwa na uongozi wa kampuni moja walijitenga na kuanzisha io.js, mazungumzo yakaendelea, taasisi huru ikaundwa, na toleo la 4.0 la Septemba 2015 likatoka likiwa na kazi ya pande zote mbili.