Usiukate mti kichwa: maelezo ya fundi wa miti wa Mwanza

Simu nyingi ninazopigiwa zina ombi lile lile: "Fundi, mti umekuwa mrefu mno, unanitisha. Njoo uukate kichwa." Mvua za vuli zikikaribia ndiyo balaa. Mtu ana mwembe au mkaratusi ulioinamia bati, usiku upepo wa ziwani unavuma, hapati usingizi. Hofu yake ni ya haki. Dawa anayoiomba ndiyo mbaya.

Kuukata mti kichwa ni kukata shina au matawi makuu katikati na kuacha visiki vinene vimesimama angani. Miezi michache baadaye mti unachipua kwa fujo, mwenye nyumba anafurahi: kumbe haujafa! Shida iko kwenye machipukizi hayo. Tawi la asili limekua pamoja na shina tangu likiwa kijiti, na kila mwaka mbao mpya ya shina imelizunguka na kulikaza mpaka ndani kabisa. Chipukizi la kwenye kisiki limetokea chini tu ya gome. Limeshikwa na tabaka jembamba la nje, kama kitu kilichobandikwa kwa gundi, na linakimbilia juu kwa sababu mti unataka majani yake yarudi. Baada ya miaka minne mitano mti ni mrefu vile vile, una matawi mengi kuliko mwanzo, na yote yamekaa juu ya kisiki kinachooza. Upepo ukija hapo, bati halina pa kukimbilia.

Kuoza kwenyewe kuna kanuni zake. Mmarekani Alex Shigo, mtafiti wa misitu, alipasua maelfu ya miti kwa chenso ili aone ndani kinachofuata baada ya jeraha, na katika miaka ya 1970 alieleza jambo ambalo mafundi wengi duniani tunaliishi sasa: mti haukarabati mbao iliyoharibika. Unaizungushia ukuta, kisha unaendelea kujenga mbao mpya nje yake. Mahali ukuta huo unapojengwa vizuri zaidi ni pale tawi linapoungana na shina, penye uvimbe kidogo na gome lililojikunja. Mimi napaita shingo ya tawi. Ukikata nje kidogo ya shingo hiyo, mti unafunga wenyewe. Ukiikata shingo yenyewe ili shina lionekane laini na zuri, umevunja ukuta kabla haujajengwa. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kupitisha uozo ndani. Na wale wanaopaka kidonda rangi au oili chafu, waache tu. Haizuii kuoza.

Mfano wa karibuni ni mwembe mmoja wa Isamilo, kwa mama mstaafu. Nilipomaliza kumsalimia akanionyesha kwa fimbo: "Wewe kata hapo juu yote, mwanangu, mimi nimechoka na huu mti." Nikamwomba anipe dakika chache niuzunguke kwanza, maana mti unaanza kukaguliwa chini. Naangalia kama udongo wa upande unaotoka upepo umenyanyuka au una ufa mpya. Naangalia uyoga mgumu unaoota kwenye shina karibu na ardhi, kwa sababu huo ni mlango wa nje wa uozo ulio ndani. Nagonga shina kwa nyundo ya mpira kulizunguka na kusikiliza panapobadilika mlio.

Kwa mji wetu kuna jambo la ziada: mawe. Huku vilimani Isamilo, Bugando na Capri Point udongo umejaa mifukoni tu, katikati ya majabali. Mti unaweza kuwa umepenyeza mizizi kwenye ufa wa jiwe na ukashika kuliko nguzo ya zege, na mwenzake hatua chache pembeni umekaa juu ya udongo wa kina cha goti, chini ni mwamba mtupu. Kwa macho yanalingana. Kwa hiyo nachimbua kidogo kwa sururu, nifuate mzizi mmoja mmoja nijue unakwenda wapi. Mwembe wa mama ulikuwa umeshika upande wa kilima, upande wa chini ulikuwa na mizizi mifupi. Haukuhitaji kukatwa kichwa. Ulihitaji kupunguziwa uzito upande unaoinamia, yaani matawi mawili ya juu ya bati yatoke kabisa, na mengine yafupishwe hadi kwenye matawi madogo yanayoweza kushika nafasi. Jumla majani yanayotoka yasizidi robo ya mti kwa msimu mmoja. Ukivuka hapo, mti unakujibu kwa machipukizi yale yale.

Kutoa tawi juu ya bati ndiyo sehemu ambayo watu hawaielewi bei yake. Tawi bichi la mwembe lenye unene wa sentimita 30, kipande cha mita tatu tu, linakaribia kilo 200. Haliangushwi, linashushwa. Kamba ya kazi inapita kwenye panda imara juu ya tawi, inarudi chini, na kijana wa chini anaizungusha kwenye shina mara kadhaa. Msuguano wa kamba na shina ndio unaobeba mzigo, si mikono yake. Mimi juu nakata mara tatu: kwanza chini ya tawi, kama robo ya unene, mbali kidogo na shina, pili juu, mbele kidogo ya pale, tawi linakatika bila kuchana gome hadi kwenye shina, tatu namalizia kile kisiki, nje ya shingo. Mkato wa kwanza ndio mafundi wa panga wanauruka, na ndiyo maana unaona miti ya mitaani ina makovu marefu yaliyochanika mpaka chini.

Chenso ikiwa inawaka nimefungwa sehemu mbili, kwa sababu mnyororo ukigusa kamba moja huwezi kuomba nyingine. Na kamba iliyowahi kubeba magogo haibebi mtu, hata ionekane mpya namna gani.

Halafu kuna majimoto. Anayejua mwembe anawajua: wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kwa uzi wa mabuu wao na kujenga kiota kama mfuko. Ukitikisa tawi moja, ukoo mzima unakuja shingoni, na wewe una chenso mkononi, huwezi kujipiga makofi. Tawi lenye kiota nalishusha kwanza, peke yake, likiwa zima, asubuhi mapema wakiwa bado wazito. Utomvu wa mwembe nao unaunguza ngozi, kwa hiyo mikono mirefu hata jua likiwa kali. Ila huo ni afadhali kuliko wa mnyaa, ule wa uzio, ambao ukiingia jichoni unaweza kukupofusha. Kwa mnyaa sigusi hata panga bila miwani.

Upepo unapanga saa zetu. Alfajiri ziwa limetulia. Kadiri jua linavyopanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji na upepo unaanza kuingia kutoka ziwani. Kwa hiyo kazi ya juu inaanza kukishapambazuka, na saa tano nataka niwe chini nakatakata matawi. Mteja anayekuja saa nane na kutuona tumekaa kivulini anadhani hatufanyi kazi.

Umeme sijadiliani na mtu. Mti ukiwa umefika kwenye waya wa kilovolti 11 au 33, sipandi mpaka TANESCO wamezima na nimewaona kwa macho wakifunga nyaya zao za kupeleka umeme ardhini. Si lazima uguse waya. Tawi bichi lililoloa linatosha kukupitishia. Nimewahi kuambiwa naogopa. Sawa, naogopa.

Wateja wa Capri Point na wenye hoteli za ufukweni wana ombi jingine: wanataka kuona ziwa. Mti umewazibia, ukatwe. Hapa kwanza nauliza umbali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mizizi iliyoko hapo ndiyo inayoshika ukingo. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda tuliona maji yakiingia viwanjani. Mtu anayetaka kung'oa miti ya ukingoni namwambia aanzie NEMC, baraza la taifa la mazingira, akirudi na karatasi tutaongea. Nje ya hapo, ziwa linaonekana bila kuua mti: unainua matawi ya chini, unatoa machache ya katikati, unampa mtu dirisha kutoka kwenye baraza lake. Nakaa kwenye kiti chake kabla ya kupanda, kijana anaonyesha tawi moja moja kwa ufito mrefu wenye kitambaa, tunakubaliana tawi gani linatoka. Wengi wanashangaa kuwa ni matawi matatu tu.

Ndege nao. Wale makorongo wakubwa wenye upara wanaozurura mjini wakishaanza kujenga juu ya mti wako, kinyesi kitaharibu bati na hasira zako nazielewa. Lakini kukiwa na mayai au makinda nasubirisha kazi mpaka waruke.

Msimu mzuri wa kuniita ni kiangazi, Juni hadi Septemba, mizizi ikiwa kwenye udongo mkavu na kamba zikiwa kavu. Isipokuwa mwembe unaotegemea matunda yake: huo upogolewe mara tu baada ya kuchuma, kwa sababu kiangazi unatoa maua na kila tawi utakalokata wakati huo ni embe za msimu unaokuja. Ukipiga simu, nitumie picha mbili, moja ya mti mzima na moja ya shina pale linapoingia ardhini. Picha ya pili ndiyo ninayoiangalia kwanza.