Docta, mume wangu anatetemeka mpaka anywe: maswali na majibu kuhusu uraibu

Ninafanya kazi ya uuguzi Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika senta ya afya ya komini ya Kadutu. Maswali ya pombe na vidonge huwa hayaulizwi mgonjwa anapokaa kitini. Mama analeta mtoto mwenye homa, anapokea dawa, anaaga, halafu akiwa tayari ameshika mlango anageuka: "Docta, na kuna kitu kingine." Haya hapa ni maswali ya mlangoni, kama nilivyoyasikia.

Mume wangu akiamka mikono inatetemeka. Akipata kanyanga kidogo, ile pombe kali ya kienyeji, inatulia. Huo si ulevi tu?

Hapana, mama. Mlevi wa siku ya harusi anaamka na kichwa kizito, anakunywa maji, anaenda kazini. Mume wako mwili wake umeshazoea kuishi ndani ya pombe, na ikipungua unaidai. Huo ni ugonjwa, tunauita uraibu.

Pombe inapunguza kasi ya ubongo. Ukiinywa kila siku, ubongo nao unajitetea kwa kuongeza kasi ili mtu asilale mchana kutwa. Mfikirie motari, dereva wa pikipiki ya abiria, anayeteremka kutoka Kadutu akiwa amekaza breki na mafuta kwa wakati mmoja. Pombe ndiyo breki. Usiku anapolala breki inalegea, mafuta bado yamekazwa, na asubuhi unaona mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unapiga mbio.

Sisi watu wa hospitali tunaangalia mambo matatu: mtu ameshindwa kujizuia anapoanza au anapotaka kuacha, pombe imetangulia chakula, kazi na watoto, na mwili unadai, ama kwa kutaka kipimo kikubwa zaidi, ama kwa kuugua akikosa. Mawili kati ya hayo yakidumu, tunasema ameshashikwa. Hatumpimi kwa kuangalia kama anaanguka njiani. Nimewaona walimu na mafundi walioshikwa kabisa ambao hakuna jirani aliyewahi kuwaona wakiyumba.

Lakini sapilo, ile pombe kali ya bei ndogo, ni kachupa kadogo. Kanawezaje kupita bia?

Hesabu mwenyewe. Chupa kubwa ya bia ya sentilita 72, yenye asilimia 5, ina gramu 28 hivi za pombe halisi. Kachupa ka sentilita 20 kenye asilimia 40 kana gramu 63. Kijana akimaliza kamoja amekunywa zaidi ya bia mbili kubwa, kwa dakika chache, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Kasiksi, pombe ya ndizi, inajaza tumbo kabla ya kujaza kichwa, na hiyo angalau inampunguzia mtu mwendo. Sapilo haina kizuizi hicho.

Kuhusu kanyanga, ogopa zaidi ile iliyochanganywa na spiriti isiyo ya kunywa. Mtu akiwa ameshalewa na kulevuka, halafu saa kadhaa baadaye anaanza kuona ukungu machoni, tumbo linauma na anapumua haraka, msisubiri asubuhi. Anaweza kupofuka au kufa. Hospitali, usiku huohuo.

Familia imekaa kikao. Tunataka kumfungia chumbani siku saba bila pombe, na watu wa maombi watakuja. Ni sawa?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapotufia.

Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatiwa pombe ghafla, anaweza kufa. Kuacha bangi ghafla hakuna hatari hiyo, pombe inayo. Saa 6 mpaka 24 baada ya kinywaji cha mwisho anaanza kutetemeka, kutapika, kukosa usingizi. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maisha yake yote. Kisha kati ya siku ya pili na ya nne inaweza kuja hali mbaya kuliko zote: hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu wasiokuwepo, mwili unachemka kwa homa, moyo unakimbia.

Fikiria basi anayeona hayo ni nani. Ni watu waliomfungia, siku ya tatu, katikati ya maombi. Wanaona mtu anapigana na hewa, anataja majina ya marehemu. Wanasema: pepo limejionyesha. Wanamfunga kamba, wanakaza maombi, wanamnyima maji kwa sababu ni mfungo. Na huyo mtu wakati huo alihitaji sindano na maji ya mshipani. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa. Simkatazi mchungaji kuja. Namwomba aje amwombee kitandani hospitalini, na aseme kwa mdomo wake kwamba dawa si ukosefu wa imani. Neno lake hapo lina nguvu kuliko langu.

Hospitalini tunampa diazepamu kwa kipimo kinachopungua siku kwa siku, ili breki ilegezwe polepole. Tunampa pia vitamini B1, kwa sababu pombe nyingi na chakula kidogo huimaliza mwilini, na ikiisha ubongo unaweza kuharibika kwa kudumu: mtu anabaki hakumbuki hata alichoambiwa asubuhi. Usiende farmasi kununua Valium, ndiyo diazepamu hiyohiyo, umpe nyumbani. Valium juu ya kanyanga inaweza kuzima pumzi.

Na kama hospitali haifikiki leo, njia imefungwa au ni usiku na risasi zinasikika? Basi msimkatie pombe kwa nguvu usiku huo. Najua linasikika vibaya likitoka kwa muuguzi. Lakini anywe kiasi cha kuzuia mtetemeko, ale, anywe maji, na kukicha mje. Akipata degedege, mgeuze alale ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na tafuteni usafiri.

Kuna dawa ya kuweka kwenye chakula bila yeye kujua?

Wake wengi wananiuliza hili kwa sauti ya chini. Dawa inayosikika hivyo ipo, inaitwa disulfiramu. Mtu akiimeza kisha akanywa pombe, uso unawaka, anatapika, moyo unakimbia, presha inaanguka. Kwa mwenye moyo mgonjwa inaweza kuwa mwisho. Anapewa yule tu aliyekubali, anayejua kitakachompata akinywa. Kumwekea kwenye bugali kwa siri ni kumtegea sumu, hata kama umefanya kwa upendo. Nyingine, naltreksoni, inapunguza hamu ya pombe, nayo inaandikwa na daktari baada ya kupima ini.

Mtoto wangu ni motari. Anameza Tramadol ili asichoke. Si ni dawa ya maumivu tu?

Ni dawa ya maumivu, ndiyo, ila ni ya ukoo mmoja na mofini. Kwa mtu mzima daktari haruhusu kupita miligramu 400 kwa siku. Wanaoimeza kwa ajili ya nguvu hupita hapo, na ikizidi huleta degedege. Hebu ona hatari ya kuipata akiwa amebeba abiria. Ikichanganywa na sapilo, pumzi inapungua mpaka inasimama usingizini.

Akiacha ataumwa mifupa, ataharisha, atatoka jasho na makamasi, hatalala. Mara nyingi siku chache, pengine wiki moja au zaidi kidogo. Anaweza kusaidiwa kupunguza hatua kwa hatua. Lakini mwambie hili: akikaa wiki kadhaa bila kumeza, kisha akarudia kipimo chake cha zamani, mwili haukijui tena. Wengi wanaokufa kwa dawa za ukoo huu wanakufa hapo, baada ya mapumziko.

Twende wapi?

Anzeni senta ya afya iliyo karibu. Tutampima na kuandika karatasi ya kumtuma mbele. Bukavu tuna Sosame, kituo cha magonjwa ya akili cha Frères de la Charité, shirika la mabradha wa Kikatoliki. Shirika hilohilo lina Tulizo Letu kule Goma, na kituo cha Docteur Joseph Guislain huko Lubumbashi, kwa wenye ndugu upande huo.

Najua kinachowazuia. Mtu akionekana mlangoni Sosame, kesho avenyu nzima itasema amekuwa kichaa. Nimewaona wake walioficha waume mwaka mzima kwa sababu ya mlango huo, na ini likaoza nyumbani. Si kila anayeingia analazwa. Wengine wanapimwa, wanapewa dawa na tarehe ya kurudi. Kuhusu pesa, ulizeni siku ya kwanza bila haya: kulazwa ni kiasi gani, dawa ni kiasi gani, je, mnaweza kulipa kidogo kidogo. Familia zinazokimbia usiku na mgonjwa kwa kuogopa deni huacha tiba pale ilipoanza kushika.

Alitibiwa, akakaa miezi miwili, amerudia. Tumepoteza pesa bure?

Hamkupoteza. Mwenye ugonjwa wa sukari, ikimpanda tena, hamsemi tiba ilikuwa ya bure. Mnaangalia alikula nini. Muulizeni bila hasira: ilikuwa siku gani, na nani, baada ya nini? Kwa wengi ni siku ya mshahara, msiba, au usiku wa ndoto za vita. Baada ya tuliyoona hapa Februari 2025, ndoto hizo nimezisikia mara nyingi, na zenyewe zinahitaji kutibiwa, kwani anayelala vibaya anarudi kwenye chupa ili alale.

Hataki kuja kabisa. Nifanye nini?

Ongea naye asubuhi, kabla ya chupa kumshika, watoto wakiwa nje. Taja jambo moja uliloliona kwa macho yako, si kumi. "Juzi ulianguka mbele ya mtoto wetu Amani, akalia usiku kucha" inaingia kuliko "wewe ni mulevi." Kisha mpe siku: "Kesho kutwa tutaenda pamoja."

Akikataa, njoo wewe peke yako. Njoo na kachupa anakokunywa au karatasi ya vidonge, na uniambie anaanza saa ngapi, anakunywa vingapi, na kama amewahi kupata degedege. Nitakuonyesha cha kufanya nyumbani wakati tunamsubiri.