Kuasili Paka Mzee Mwenye Haya: Ufafanuzi kuhusu Kujificha, Mkataba na Kurudisha

Kituo chetu cha kuhifadhi wanyama kimekuwa kikipokea malalamiko yanayofanana: mtu amechukua paka mwenye umri mkubwa, paka ameingia uvunguni mwa kitanda na hatoki, na baada ya siku mbili mtu huyo anataka kumrudisha kwa madai kwamba alipewa mnyama mwenye kasoro iliyofichwa. Tunaamini kwamba waombaji wetu wana nia njema. Hata hivyo, kila mmoja wao alielezwa kwamba paka huyo atajificha, na akatia saini kuthibitisha kuwa ameelezwa.

Paka huhesabiwa kuwa mzee anapovuka miaka 10, na akitunzwa vizuri anaweza kufikisha miaka 15 au zaidi. Mara nyingi mzee wa namna hii huletwa kituoni kwa sababu mwenye kumtunza amefariki, amelazwa au amehamia mahali pasiporuhusiwa wanyama, wala si kwa sababu ya tabia yake. Ameishi miaka mingi akijua harufu, njia na saa za nyumba moja. Vyote hivyo vinapoondoka kwa mkupuo, kujificha ndiko kunakompunguzia hofu. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba paka wapya vituoni waliopewa maboksi ya kujificha walitulia mapema kuliko waliokosa. Kwa hiyo anayemvuta paka kwa mguu ili "azoee" anairefusha hofu ileile anayotaka kuiondoa.

Apewe chumba kimoja tulivu, boksi la kujificha, na trei ya mchanga yenye ukingo mfupi, kwa kuwa paka wengi wa umri huu wana maumivu ya viungo na hushindwa kupanda ukingo mrefu. Chakula na maji vikae mbali na trei. Mtu akae sakafuni bila kumkodolea macho, na paka akimtazama, afumbe na kufumbua macho polepole. Wengine hutoka baada ya siku chache, wengine baada ya majuma, na wapo wanaohitaji miezi.

Linalopaswa kumtia mtu wasiwasi ni paka kutokula. Akipitisha saa 24 bila kugusa chakula, apelekwe kwa daktari wa wanyama au daktari apigiwe simu siku hiyohiyo, kwa sababu paka anayekaa na njaa, hasa mnene, huweza kujazana mafuta kwenye ini na kufa. Paka aliyekwisha kuzoea kisha akaanza kujificha upya naye achunguzwe, kwani maradhi ya figo, meno na tezi ya shingo ni ya kawaida katika umri huu. Asipewe kamwe parasetamoli, hata robo ya kidonge. Kwa paka ni sumu inayoua, na tumekwisha kulisema jambo hili mara nyingi mno.

Kuhusu utaratibu, mkataba huandikwa nakala mbili, na mwombaji hutia saini ya ufupisho kwenye kila ukurasa na saini kamili kwenye ukurasa wa mwisho. Mpangaji huambatisha barua ya idhini ya mwenye nyumba. Ujumbe wa simu haukubaliki. Chipu ya utambulisho, yaani kifaa kidogo kinachowekwa chini ya ngozi ya paka, ina namba ya tarakimu 15, na ni wajibu wa mwenye paka, si wa kituo, kubadilisha taarifa za usajili ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba. Chipu hiyo haionyeshi paka alipo. Husomwa kwa kifaa kinachosogezwa karibu na ngozi, kwa hiyo hakuna sababu ya kutupigia simu usiku kutuomba "tumtafute kwenye mtambo".

Ni marufuku kumuuza paka, kumgawia jirani au kumtelekeza. Anayekiuka sharti hili hufutiwa mkataba, kituo humchukua paka bila kurudisha ada, na jina lake huingizwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuasili. Utelekezaji, pale sheria inapoufanya kuwa kosa, huripotiwa kwa mamlaka husika.

Kurudisha kunaruhusiwa, na hakuna anayeadhibiwa kwa kurudisha kwa kufuata utaratibu. Miadi iwekwe kwanza, paka aletwe ndani ya kizimba cha kubebea pamoja na faili lake la matibabu, na fomu ya sababu ijazwe mbele ya mhudumu. Paka aliyeachwa langoni ndani ya boksi huhesabiwa kuwa ametelekezwa, hata kama karatasi zake zimewekwa juu yake. Asiye na uhakika aombe kumlea kwa majaribio kabla ya kusaini mkataba kamili. Fomu yake ni tofauti, na katika kipindi hicho gharama za matibabu hubaki juu ya kituo.