Daftari la mlinzi langoni

Kazi yangu ni kukagua namna taasisi zinavyohifadhi data binafsi, na kila ninapowatembelea wateja katikati ya Kampala, kinachonipokea mlangoni ni daftari na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mlinzi hutaka jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha taifa, nami ninapoandika hujikuta nikisoma habari za wageni wote walionitangulia ukurasa huo.

Wanaonijia na hofu ya faragha huniuliza zaidi kuhusu kamera za barabarani. Wana haki ya kuuliza, lakini mimi daftari lile hunitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa kulitumia vibaya hakuhitaji mtambo wala utaalamu. Namba ya kitambulisho ina herufi na tarakimu 14 ambazo hazikupangwa kiholela: kwa raia, herufi ya pili hutaja jinsia, M au F, na tarakimu mbili zinazofuata ni za mwaka wa kuzaliwa. Namba ya simu nayo imefungamanishwa na kitambulisho hichohicho, na mtu akianza kuitumia pesa, hata shilingi 500, kwa kawaida simu humwonyesha jina la mwenye laini kabla hajathibitisha muamala. Tapeli akishayapata hayo, humpigia mama wa watu akijifanya ofisa wa kampuni ya simu, akamtajia jina lake lote na mwaka aliozaliwa, nani asingeamini?

Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 haibagui karatasi na kompyuta. Inataka zikusanywe data zinazohitajika tu, tena zisihifadhiwe kupita muda wa haja yake. Niliwahi kumuuliza mlinzi mmoja daftari huenda wapi.

“Likijaa tunaliweka stoo, mkubwa.”

Stoo ikijaa je? Hapo akacheka. Mimi sikucheka sana, maana niliwahi kununua karanga kituo cha teksi zikiwa zimefungwa kwa ukurasa wa daftari la aina hiyo, majina na namba zikisomeka vizuri chini ya chumvi.

Siku hizi humwonyesha mlinzi kitambulisho akitazame, kisha naandika jina na saa niliyoingia, nafasi ya namba naiacha wazi. Wengi hunipisha bila neno.