Folisi Zisizo na Jina: Sarafu za Bizanti Zenye Sura ya Kristo

Ukianza tu kufuatilia sarafu za Bizanti, ile dola ya Kirumi ya mashariki, utakutana na kitu kinaitwa folisi isiyo na jina, na wengi wanadhani maana yake ni sarafu ambayo haijulikani imetoka wapi. Sivyo. Inajulikana vizuri tu, ila kaisari hajaandikwa jina wala hakuchorwa sura, nafasi yote kapewa Kristo.

Folisi ni hela ya shaba, ya kununulia mboga sokoni, maana folisi 288 ndo zinafika sarafu moja ya dhahabu. Hizi zisizo na jina zilianza karibu mwaka 970 enzi za kaisari Yohane Tzimiskes zikaendelea mpaka 1092 kaisari Alexios Komnenos alipobadilisha mfumo mzima wa fedha. Kristo kuonekana kwenye hela halikuwa jambo jipya, Justinian wa Pili alishamweka kwenye dhahabu miaka ya 690, jipya ni kwamba sasa kashuka mpaka kwenye shaba ya watu wa kawaida na kaisari mwenyewe kajitoa kabisa.

Kwa nini? Hapo watu wanabishana. Tzimiskes alipata kiti baada ya kumuua kaisari Nikephoros Phokas Desemba 969, kwa hiyo wapo wanaosema alikuwa anatubu au anajisafisha mbele ya watu. Mi naona inawezekana, lakini haielezi kwa nini waliomfuata waliendelea nayo zaidi ya miaka mia moja, nadhani waliona tu inafaa, yaani nani atapinga hela yenye sura ya Bwana?

Ukiishika ya aina ya mwanzo, ile kubwa, nyingine zinapita gramu 15, upande mmoja unamwona Kristo kuanzia kifuani, nyuma ya kichwa duara lenye msalaba ndani, mkononi kakumbata Injili, na pembeni herufi IC XC ambazo ni kifupi cha Yesu Kristo. Geuza. Mistari minne ya maandishi, hakuna picha, inasema Yesu Kristo Mfalme wa Wafalme, na herufi zenyewe wamechanganya za Kigiriki na za Kilatini. Sasa angalia jalada la Injili, kuna vinukta, mara vitano, mara kimoja katikati, mara vimepangwa kama almasi, na wakusanyaji wengine wanatafuta hivyo vinukta tu, kila mpangilio wanauhesabu aina yake.

Kwa kuwa hakuna jina, wataalamu wamezipanga kwa herufi, A, B, C na kuendelea. B ina msalaba juu ya ngazi, inahesabiwa ya Romanos wa Tatu. C ina msalaba wenye vito na neno NIKA, yaani anashinda. G ina Bikira Maria kainua mikono anaomba. Ila ipi ilitangulia walijuaje? Ni kwamba mafundi wa Bizanti mara nyingi hawakuyeyusha shaba ya zamani, waliichukua sarafu ya kaisari aliyepita wakaigonga chapa mpya juu yake hivyohivyo, kwa hiyo unakuta C ambayo kwenye bega la Kristo kuna mabaki ya mstari wa maandishi ya A, na hapo moja kwa moja unajua A ilikuwepo kwanza. Ndo maana sarafu chafuchafu, yenye picha mbili zimepandana, mi naipenda kuliko ile safi, ingawa wauzaji wengi wanaiuza bei ya chini wakisema imeharibika.

Za A zipo nyingi sana, hata Athens na Korintho zimefukuliwa kwa wingi, ndo maana hata mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuanza nazo. Lakini usiisugue, ile rangi ya kijani au kahawia iliyogandia ni sehemu ya sarafu. Kijani kibaya ni kile cha ungaunga kinachopukutika, hicho ni chumvi inakula shaba kutoka ndani, itenge na wenzake na uiweke pakavu. Halafu muulize muuzaji karatasi za ilikotoka, maana Uturuki, ambako ndiko Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, ilikuwa, kutoa vitu vya kale nje ya nchi ni kosa, na asiyekuwa na jibu la maana achana naye.