Pasiwedi ya waifai sio kufuli la folda zako

Kuna rafiki yangu anakaa nyumba ya kupanga, wapangaji wanne uani, ruta moja, kila mwisho wa mwezi wanachanga hela ya intaneti. Siku moja mtoto wa chumba cha pili kafungua laptopu yake, kabonyeza pale pembeni palipoandikwa Network, kaikuta kompyuta ya jamaa, kaingia, kakuta folda ya vyeti, kopi za kitambulisho cha NIDA, picha za harusi, kila kitu. Dogo hakudukua chochote wala hakuulizwa pasiwedi. Bahati nzuri alikuja mwenyewe: "Anko, mbona naona vyeti vyako?"

Mimi nipo kitengo cha TEHAMA chuoni na kesi za hivi tunaletewa sana, na chanzo karibu kila mara ni kilekile. Mtu anataka mafaili ya kompyuta ya sebuleni yafunguke kwenye laptopu ya mke wake, Windows inamsumbua na pasiwedi, anachoka, anaita fundi, fundi anazima ile ya kudai pasiwedi kwenye kushea, halafu kwenye ruhusa za folda anaweka Everyone na Full Control, yaani ruhusa ya kufanya lolote, inakubali, analipwa anaondoka. Everyone ni kila mtu kweli, na kwenye ruta ya kuchangia hao ni wapangaji wote na wageni wao.

Sasa elewa hivi, folda iliyosheawa ina geti na mlango. Ukifungua Properties za folda, geti ni ruhusa za kwenye Sharing, mlango ni zile za kwenye Security. Anayekuja kwa mtandao anapita vyote viwili na anapata kile kilichobana zaidi, kwa hiyo geti likisema Full Control na mlango ukasema Read, ataishia kusoma tu. Ila aliyekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta yenyewe hapiti getini kabisa, anakutana na mlango tu, ndio maana mtu anabana Sharing wee halafu watoto bado wanafuta mafaili pale sebuleni. Bana mlangoni. Na usikimbilie kuweka Deny, yaani kukataza, kwa Everyone, wewe mwenyewe umo humo, utajifungia nje, wewe mtoe tu Everyone kwenye orodha kisha ongeza majina unayoyataka.

Majina hayo ni akaunti, kila mtu na yake, unazitengeneza kwenye kompyuta inayotunza mafaili. Hapa ndipo wengi wanakwama: PIN ya kuwashia kompyuta haifanyi kazi kupitia mtandao, inatakiwa pasiwedi yenyewe ya akaunti, na akaunti isiyo na pasiwedi Windows kwa kawaida inaikatalia kuingia kwa njia hiyo. Watoto wape Read tu, na sio kwa sababu ya utundu peke yake, laptopu yao ikipata kirusi cha kufunga mafaili kitaharibu na folda zote za mtandaoni ambazo akaunti yao inaruhusiwa kuandika.

Mafundi wengine wanaweka alama ya dola mwisho wa jina la folda eti wameificha, haionekani kweli, lakini anayejua jina analiandika na kama ruhusa ziko wazi anaingia. Wengine wanawasha SMB1, ile njia ya kizamani ya Windows kushea mafaili, ili tivii ya zamani isome muvi. Jamani! Hiyo ndiyo njia kirusi cha kufunga mafaili kiitwacho WannaCry kilipita Mei 2017 mpaka hospitali za Uingereza zikaahirisha wagonjwa, na dawa yake Microsoft walishaitoa tangu Machi.

Kujua umeshea nini, fungua ile skrini nyeusi ya komandi andika net share. Zile C$, ADMIN$ na IPC$ ni za Windows yenyewe usishtuke, ila ukiona jina usilolikumbuka, lifuatilie. Na kama ruta yako ina mtandao wa wageni, wapangaji wenzako wahamishie huko.

Kwa jamaa tulitumia kama saa moja. Dogo akajaribu tena, anaona jina la kompyuta, akibonyeza anadaiwa jina na pasiwedi, tukashikana mikono nikaondoka. Sijafika kituo cha daladala simu inaita, shemeji: "Mbona nimeweka namba zangu nne za kila siku na inakataa?"