Kabla ya Kwenda Mandari Kwenye Shamba la Chaza

Wakazi wa Mombasa wanaopanga mandari ya siku moja kwenye shamba la chaza hutuuliza sana kuhusu njia na bei. Ni mara chache mtu kutuuliza mvua ilinyesha lini mara ya mwisho, au maji ya pale yanapokea nini kutoka nchi kavu, ilhali kwa sisi tunaoshughulikia usalama wa vyakula vya baharini maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama safari itaishia kwenye mkeka chini ya mkanju au kwenye foleni ya zahanati.

Chaza hafuati chakula, chakula humfuata. Akiwa mchanga huogelea kwa muda wa wiki mbili au tatu, kisha hujibandika kwenye mwamba, mzizi wa mkoko au kipande cha gamba kuukuu, na hapo ndipo anapoishi hadi mwisho. Mfugaji huitumia tabia hiyo hiyo: hutundika magamba au vifuu vya nazi majini ili mbegu, yaani chaza wachanga hao, zishike, kisha huwahamishia chaza wadogo kwenye vikapu au vichanja mpaka wafikie ukubwa wa kuliwa. Kwa kuwa hawezi kuhama, chaza hula kwa kupitisha maji kwenye matamvua yake na kunasa vijimea vidogo mno, na mmoja aliyekomaa huweza kuchuja makumi ya lita kwa siku. Anachokinasa si chakula peke yake. Maji yakiwa na choo cha binadamu, vijidudu vya kuharisha, vya homa ya matumbo na vya homa ya ini ya aina ya A hukusanyika mwilini mwake kwa wingi kuliko vilivyo kwenye maji yenyewe, naye hadhuriki, wala sura, harufu na ladha yake hazibadiliki.

Ndiyo maana mahali ni jambo la kwanza. Mkono wa bahari wa Tudor umezungukwa na mitaa iliyosongamana ambayo maji taka yake huishia humo, na ule wa Makupa ulipakana kwa miaka mingi na jaa la Kibarani. Ukiwaona chaza wamejishika kwenye mawe na mikoko ya huko, waache. Hata shamba lililo mahali pasafi hubadilika pale mvua kubwa ya masika au ya vuli inapokokota uchafu wa vyoo na mitaro hadi baharini. Muulize mfugaji bila haya kama maji yake hupimwa, yalipimwa lini, na kama huwaweka chaza kwenye matangi ya maji safi ya bahari kwa siku moja au mbili kabla ya kuwauza, jambo ambalo hupunguza bakteria ingawa virusi huchelewa kutoka. Mfugaji mzuri huyafurahia maswali hayo. Akikunja uso, kuleni mbaazi na mahamri mliyobeba.

Siku ya safari nayo ichaguliwe kwa kutazama mwezi. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3, hivi kwamba vichanja vyote hubaki wazi na watoto wakapita katikati yake wakitazama. Lakini saa nzuri ya kutazama shamba si saa nzuri ya kuvuna, na hili wageni wengi hawalitambui. Chaza aliyeachwa na maji hufunga magamba yake, jua humpiga, na bakteria wa jamii ya Vibrio, ambao ni wenyeji wa bahari yenye joto hata pasipo maji taka, huzidi kuzaana ndani yake kadiri anavyokaa juani. Ombeni wale wa kwenye vikapu vilivyozama, au waliovunwa kabla maji hayajapwa wakawekwa kwenye barafu papo hapo.

Ziko nchi za Ulaya ambako watu walizoea kula chaza katika miezi yenye herufi R tu, wakaiacha Mei hadi Agosti ambayo ni miezi ya joto kwao. Kanuni hiyo haitufai, na si kwa sababu tu kwamba Septemba yetu haina R: bahari ya Mombasa ina joto mwaka mzima, takriban nyuzi 25 hadi 30.

Kwa hiyo tunashauri apikwe. Ndimu, siki na pilipili hutia ladha, hazitoshi kuua vijidudu. Sugueni magamba kwa brashi na maji safi, kisha mgonge kidogo kila chaza aliyeachama: aliye hai hujifunga polepole, kama mtu anayerudisha mlango asiwaamshe waliolala, na asiyejifunga ni mfu, atupwe. Watieni kwenye maji yanayochemka juu ya seredani, na magamba yakishafunguka waacheni wachemke dakika 3 hadi 5 zaidi. Asiyefunguka asilazimishwe kwa kisu. Moto, hata hivyo, una mipaka yake, kwani sumu ya vijimea fulani vya baharini na madini mazito haviondoki kwa kuchemshwa, na hapo tunarudi kwenye suala la mahali. Wenye maradhi ya ini, kisukari au kinga dhaifu, wajawazito na wazee wasionje kabisa chaza mbichi. Mwenye mzio asile hata waliopikwa.

Chaza wa kurudi nao nyumbani wakae juu ya barafu, wamefunikwa kitambaa chenye unyevunyevu. Msiwazamishe kwenye maji matamu, kwa maana watakufa kabla hamjafika mtaa wa Buxton mjini.

Kila mtu avae viatu vyenye soli ngumu, kwa kuwa gamba la chaza hukata kama wembe na jeraha lililoingia maji ya bahari huweza kuvimba vibaya kwa muda mfupi. Lioshwe mara moja kwa sabuni na maji safi, na likianza kuwa jekundu, moto na lenye maumivu makali, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Lulu msizitafute, chaza wa kuliwa na chaza wa lulu ni jamii mbili tofauti. Magamba matupu mrudishieni mfugaji, atayatundika tena majini ili mbegu mpya zipate pa kushika.